Kuna mtu kamzibia baba yangu mbio za Oxford na Cambridge, halafu kamtukana. Mnamjua!

BintiWete:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Niko kwenye treni, nyumbani bado, lakini nikisubiri nifike nitapasuka.

Leo, 13 Aprili 2025, zilikuwa mbio za mashua za vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, hapa London, mto Thames. Baba yangu yuko kwangu tangu kabla ya Ramadhani. Mzee wa Pemba, kazeekea baharini, kashika usukani wa jahazi wengi wenu humu hamjazaliwa. Tangu atue hakuniomba duka wala kupelekwa kwenye majumba ya wafalme. Ameomba kitu kimoja tu, akaone Wazungu wanavyopiga kasia. Na alishapiga hesabu zake: mwezi mpevu, kwa hiyo bamvua, kwa hiyo maji yatajaa kwa nguvu. Nilipomwambia mbio zenyewe hupangiwa saa kwa kufuata maji, kwamba mashua zinapanda mto kutoka Putney hadi Mortlake, karibu kilomita 7, maji yanayojaa yakizibeba, alicheka mpaka akavua kofia. "Kumbe nao wanajua."

Tukawahi. Tukapata nafasi ukingoni karibu na Daraja la Hammersmith, tumeegemea chuma kabisa, hakuna mtu mbele yetu. Mnaofuatilia mnajua pale ndipo penyewe. Aliyetangulia darajani mara nyingi ndiye mshindi, halafu baada ya hapo linaanza lile pindo refu linalompa nafuu aliyepangiwa upande wa Surrey, yaani wa kusini. Za wanawake zikapita, baba ananionyesha kwa kidole: "Tazama, wanane wote wamekupa mgongo kule waendako. Anayeiona njia ni yule mdogo aliyekaa tezi peke yake." Uso wote umefunguka. Akaniambia za wanaume atatazama mikono tu, ajue kasia linaingiaje majini bila kurusha maji.

Dakika chache kabla ya za wanaume, nani anatokea? YULE BWANA. Simtaji. Mnamjua. Wa maikrofoni. Anayefungua harusi za watu ambao hawajamwalika. Alikwenda Oxford semina ya siku mbili, na tangu hapo kila sentensi yake ni "sisi watu wa Oxford". Kaja na bendera ya buluu iliyokoza, rangi ya Oxford, ukifunika nayo Pemba nzima inabaki ya kufunikia Unguja. Kapenya katikati yetu bila hata salamu, kamsukuma mzee kwa kiwiko, kapanda juu ya kile kiukuta, KAIFUNGUA.

Mashua zikapita.

Nimesikia makelele. Nimesikia yule mshika usukani anavyopiga kelele kwenye kipaza sauti. Nimeona kitambaa. Baba kaona kitambaa. Bendera iliposhuka kilichobaki mtoni ni zile boti za waamuzi na mawimbi yanagonga ukuta. Baba kanigeukia: "Mwanangu, zishapita?"

Nikamwambia yule bwana, kwa heshima zote, kaka umemziba mzee. Unajua kanijibu nini? Bila kugeuka! "Kama mzee anataka mashua arudi kwao akatazame ngalawa."

Akatazame ngalawa. Kamwambia BABA YANGU akatazame ngalawa. Na yeye mwenyewe kwao Tanga, kalelewa kwa samaki wa ngalawa hizohizo!

Sitaki ushauri. Nataka mjue.

Mkwezi77:
Dada, pole sana, na shikamoo yangu imfikie mzee. Huyo bwana namjua kwa nyayo. Msibani aliomba kutoa neno la faraja, tukamaliza kuzika, tukarudi, tukala pilau, bado anafariji.

Mama Nassoro:
Harusi ya mwanangu alipanda jukwaani kabla ya bwana harusi. Hakualikwa. Nilidhani wa upande wa kule, wa kule wakadhani wa kwetu.

Chai_Kavu:
Sasa kumbe za wanawake mliziona vizuri kabisa! Mtu kaona nusu ya shughuli bure, analia uzi mzima. Halafu picha iko wapi? Bila picha hii ni chai, tena ya rangi.

BintiWete:
@Chai_Kavu picha ya nini, ya kitambaa? Mzee kaniuliza "zishapita?" mbele ya umati wa watu wanaoshangilia. Wewe baba yako akikuuliza hivyo utapiga picha?

Tezi_na_Omo:
Mimi ni shabiki wa Oxford wa kweli, sikusoma huko, nawapenda tu. Naomba msituchanganye na huyo. Leo tumefungwa zote mbili, wanaume na wanawake, na bado tunabebeshwa bendera za watu wa semina. Mkitaka kujua dhuluma ni nini, rudini 2012. Mtu kajitupa mtoni katikati ya mbio, zikasimamishwa, zikaanza upya, na mara tu baada ya hapo kasia letu moja likavunjika kwenye mgongano. Cambridge wakaenda zao. HIYO ndiyo ya kufungulia uzi.

BuluuMpauko:
@Tezi_na_Omo kila mwaka 2012, kila mwaka 2012! Sisi Cambridge 1978 tulizama na mashua yetu, tukakaa kimya tukafundishwa na maji. Wanaume mpaka 2025 hii ni 88 kwa 81. Fanya hesabu halafu ulale.

Tezi_na_Omo:
Umesahau na zile za 1877 zilizotangazwa sare. Sare! Tangu lini mtu katoka kwenye resi na sare?

Mkwezi77:
1912 zilijaa maji zote mbili, wakarudia siku nyingine. Hapo mzee angefaa kweli, angewafundisha kukumba maji.

BintiWete:
Wakuu, naomba turudi. Mzee hakuja kwa ajili ya 1912. Kapambana na baridi, kavaa makoti mawili, kasimama wima kwa umri ule kusubiri mashua zipite. Na zimepita nyuma ya kitambaa. Nikifumba macho naiona ile bendera inavyofunguliwa.

Chai_Kavu:
Makoti mawili tena. Uzi unanoga. Nakaa hapa na karanga zangu.

AbiriaWaBarnes:
Mnazungumzia Daraja la Hammersmith kana kwamba ni la kutalii. Sisi tunaoishi ng'ambo tunalia nalo tangu 2019, magari marufuku, basi halivuki, ukitoka zamu ya usiku unavuka kwa miguu na upepo unakupiga makofi. 2021 hata mbio zenyewe zilihamishiwa mji wa Ely, nje ya London, na daraja hilo bovu ni sababu mojawapo ukiacha korona. Mzee kazibwa siku moja. Mimi nimezibiwa njia miaka.

Dkt wa Mtaa:
Tena mshukuruni huyo bwana kwa kumweka mzee mbali na maji. Mwaka jana mto ulipimwa ukakutwa na vijidudu vya kinyesi kupita kiasi, washindi wakaambiwa wasimtupe mshika usukani majini kama desturi yao. Wapiga makasia wa Oxford wengine waliumwa matumbo. Mto wa kifalme huo!

Mwana wa Amu:
Kwanza samahani, lakini "akatazame ngalawa" imekuwa tusi lini? Huku Lamu, Maulidi, majahazi yakishindana pwani nzima inasimama, na nahodha anasoma upepo na maji kwa jicho. Kuna hata mbio za punda. Hao wenu wanane wamekaa kinyumenyume wanapigiwa kelele. Tatizo letu ni moja tu, kila mwaka mwamuzi ni binamu wa mtu. Mwaka huu wakirudia mambo yao nafungua uzi na mimi, na mimi NITATAJA majina.

BintiWete:
@Mwana wa Amu ngalawa si tusi, kaka yangu. Baba kaunda ngalawa kwa mikono yake. Tusi ni kumwambia "arudi kwao" mzee uliyemsukuma kwa kiwiko. Bila kugeuka!

MwalimuWaZamu:
Nimesoma uzi wote nimeona hakuna aliyegusa jambo zito. Kuna wanafunzi wa Cambridge walizuiwa kupiga kasia mwaka huu kwa sababu wanasomea cheti cha ualimu, eti cheti hicho si digrii. Mnaelewa? Wamefanya mazoezi, wana misuli, wana usajili wa chuo, kosa lao UALIMU. Nilidhani mwalimu anadharauliwa Tanzania tu.

Mama Nassoro:
Weee! Kweli hiyo?

BuluuMpauko:
Kweli kabisa. Na tumeshinda hivyohivyo.

MwalimuWaZamu:
Kushinda si hoja. Hoja ni kwamba ualimu hata kwa Malkia hauhesabiki.

Mkwezi77:
Siku hizi ni Mfalme, mwalimu.

Ticha Tunduru:
Acheni utani. Mimi daraja langu la mshahara nimelingoja mpaka walionikuta kazini wamenipita. Nikiuliza, naambiwa faili linashughulikiwa. Na malimbikizo je? Na nauli ya likizo?

BintiWete:
Uzi huu unahusu baba yangu jamani.

MwalimuWaZamu:
@Ticha Tunduru wewe afadhali una faili. Langu walisema limehamia halmashauri nyingine, mimi mwenyewe bado nimekatazwa kuhama.

Chai_Kavu:
Karanga zimeisha, naongeza.

Ticha Tunduru:
Kwa kuwa walimu tumeshakutana hapa: Kiswahili na Historia, sekondari, niko Tunduru, natafuta wa kubadilishana naye kituo kutoka Tanga Jiji au Muheza. Nyumba ya mwalimu ipo, maji yapo siku moja moja. Aliye tayari aje inboksi.