Kabamazepini (dawa ya kifafa) imekuwa ngumu koponi na muda wake bado, inafaa kweli?

dukani_tanga: Wakuu habari zenu, naomba msaada. Nipo duka la dawa huku Tanga karibu na bahari, masika hii unyevu umezidi. Tuna lile kopo kubwa la kabamazepini miligramu 200, tunafungua, tunahesabu, tunaweka kwenye bahasha. Sasa kuna mama anamchukulia kijana wake hapa, kijana alishatulia kabisa, juzi kaja anasema ameanza kuanguka tena na dozi hajaruka. Vidonge rangi ileile ila havivunjiki kwa mkono, nimetumbukiza kimoja kwenye maji kimekaa tu hakisambaratiki. Ni feki au?

mfamasia_wa_zamu: Usikimbilie feki mkuu. Dawa hii inajulikana kwa tabia hiyo. Kiwandani inawekwa kavu, ikikaa kwenye unyevu mkubwa inajifunga na maji na kuwa fuwele za aina nyingine, dihaidreti, ambazo zinayeyuka kwa shida, na kidonge chenyewe kinashikana sawa na mfuko wa simenti uliopigwa unyevu stoo. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilishatahadharisha tangu 1990 kwamba vikihifadhiwa penye unyevu vinaweza kupoteza takriban theluthi ya nguvu. Na kinachopoteza watu ni hiki, ukipeleka maabara wakapima kiasi cha dawa peke yake utaambiwa 200 zote zimo, na kweli zimo, ila hazitoki kwenye kidonge kwa wakati. Waambie wapime inavyoyeyuka.

kijana_wa_kiwandani: Niongeze upande wa viungo. Ndani ya kidonge kuna vitu kama wanga au kroskameloze, kazi yake kuvimba vikigusa maji ili kidonge kipasuke. Kopo likifunguliwa kila siku vinavimba kidogokidogo kwa unyevu wa hewa, vikifika tumboni nguvu imeshakwisha. Ndio maana dawa moja ya kampuni mbili, moja inahimili mwambao nyingine haihimili. Kipimo cha uimara wa dawa kwa nchi za joto na unyevu ni nyuzi 30 na unyevu 75%, lakini hapo dawa inapimwa ikiwa kwenye kifungashio chake, kopo lililoshafunguliwa ni habari nyingine kabisa. Na viungo msivipuuze jamani, Australia mwishoni mwa miaka ya 1960 wagonjwa wa kifafa walizidiwa na fenitoini, dawa nyingine ya kifafa, kwa dozi ileile, kisa kijazio kilibadilishwa kutoka kalsiamu salfeti kwenda laktozi.

dukani_tanga: Asanteni sana. Basi nimwambie mama amuongezee kidonge kwa muda?

mfamasia_wa_zamu: Hapana, usithubutu! Akiongeza halafu ukaja kumpa kopo jipya linaloyeyuka vizuri, dawa inapanda kwenye damu, kijana anayumba, anaona vitu viwiliviwili. Wala asiache ghafla, hiyo ni hatari zaidi. Mpe za kwenye blista (zile zilizofungwa kimoja kimoja) leo, aende kliniki anakotibiwa. Kopo litenge, andika namba ya bachi, ripoti TMDA, mamlaka yetu ya dawa. Mengine agiza makopo madogo, kifuko cha silika cha kunyonya unyevu kibaki ndani, na usiweke kwenye friji maana kila ukitoa linatoka jasho.

mama_jay: Na sisi wa nyumbani, vile visanduku vya dawa za wiki vipi?

mfamasia_wa_zamu: Kwa hii dawa acha kwenye blista dada, kata kipande chenye dozi ya siku ndio uweke humo. Na isikae bafuni wala karibu na jiko.