"HEWA YA HAPA SI YA BURE" ati mimi naambiwa hivyo, tena mbele ya mama mkwe!!!

Muko_wa_Masaka: Wakuu niko juu ya boda naandika kwa mkono mmoja, mkikuta herufi zimeruka msiniulize. Yule jamaa wa mall ya huku kwetu, mnamjua, wa koti la bluu na redio ya mkononi ambayo sijawahi kusikia mtu akimjibu hata siku moja, leo amenivua nguo mchana kweupe.

Nilimleta mama mkwe kutoka kijijini, alitaka aone hizo ngazi za umeme wanazomsimulia. Sasa Waganda humu mnajua mambo ya muko na nnyazaala, yaani mkwe wa kiume na mama mkwe, hamkai benchi moja, hata kumpitia karibu ni kosa. Basi yeye nikamwacha upande wa duka la viatu, gomesi yake, lile gauni pana la heshima, imejaa benchi nzima, mimi nikaenda kukaa kule mwisho kabisa nimetazama ukuta. Mke wangu yuko ndani ya supamaketi anatafuta siagi. Mtu nimekaa kwa heshima zangu, sijagusa kitu, sijalala, jamaa huyo akaja, salamu hakuna, akaniambia kwa sauti ya dalali wa mnadani: "Ssebo (bwana), hewa ya hapa si ya bure."

HEWA. YA HAPA. SI YA BURE.

Banange mall yote iligeuka. Askari wa mlangoni aligeuka akaacha kumpapasa mtu. Ile sanamu ya dirishani iliyovaa suti nayo naapa iligeuka. Mama mkwe akanitazama, na kwa mila hata hatakiwi kunitazama!

Kinachoniua zaidi ni kwamba huyu mtu hajui hata kazi yake ilianzia wapi. Mall ya kwanza kufunikwa yote na kutiwa kiyoyozi ni Southdale, ilifunguliwa 1956 kitongoji cha Edina, Minnesota, kule Marekani, na ilijengwa kwa sababu ya hewa HIYOHIYO. Kule majira ya baridi yanagandisha mtu na kiangazi kinamtoa jasho, kwa hiyo Victor Gruen, msanifu aliyezaliwa Vienna, akayaingiza maduka 72 chini ya paa moja, akaweka joto nyuzi 24 mwaka mzima, na katikati akatengeneza ua wenye miti na kizimba cha ndege ili watu WAKAE. Akikaa ndio ananunua. Yaani tangu siku ya kwanza hewa ndiyo chambo, sasa samaki amekuja mwenyewe na miguu yake wewe unamfukuza??

Na hizi mall za Kampala nani amezibeba? Supamaketi ya Uchumi ilikuwa mall ya Garden City, 2015 ikafunga ikaondoka nchini. Supamaketi ya Nakumatt iliingia Oasis Mall 2009 kwa mbwembwe zote, kufika 2017 unakuta rafu tupu na mhudumu anapanga sabuni moja moja ili zionekane nyingi. Shoprite walikuja 2000, 2021 nao wakaaga, Carrefour wakachukua maduka yao. Hao wote walikuwa wapangaji wakubwa, wamepita. Nani hajahama? Sisi wa benchi!

Hewa ya hapa si ya bure. Tumetoka nje mama mkwe anamuuliza mke wangu kwa sauti ya chini, lakini nikasikia: "Kwani mumeo anadaiwa hewa?"

Kijana_Kyaliwajjala: 😂😂😂 mzee lipa deni la watu

BodaKisaasi: Ulipumua ya bei gani mkuu? Kama ulivuta kwa pua zote mbili hapo jamaa ana haki

MamaPacha: Samahani baba lakini mimi nimecheka mpaka mtoto ameamka. "Anadaiwa hewa" 😭 huyo mama mkwe ahamie humu

Muko_wa_Masaka: Mnacheka! Mbele ya MAMA MKWE jamani! Angenipeleka pembeni aniambie!

Mtoto_wa_Arua: Ngoja, huyo Gruen usimlete kama shahidi wako. Mwenyewe alikuja kuzikana hizo mall. Mpango wake ulikuwa kuzunguka yale maduka kuwe na nyumba za watu, shule, bustani, ziwa, uwe mji kamili. Wenye pesa wakajenga maduka halafu pembeni pote wakamwaga lami ya kuegesha magari. Akarudi zake Vienna na hasira.

Muko_wa_Masaka: Alikana maegesho! HEWA hakuikana!!

Kijana_Kyaliwajjala: Mzee anakata rufaa mpaka Vienna 😂

MamaPacha: Mkitaja maegesho mnanitonesha kidonda. Mimi tiketi ilipotea kwenye mkoba wenye nepi, yule dada wa kwenye geti ananiambia nilipe ya siku nzima, nilinunua mkate tu jamani, mkate! Magari nyuma yananipigia honi, pacha wote wawili wanalia, nikamwaga mkoba mzima juu ya boneti. Tiketi ilikuwa mdomoni mwa mtoto, nusu ameshakula.

BodaKisaasi: Nyie wa magari mna shida za kitajiri. Sisi wa boda hata kivuli cha geti haturuhusiwi kusimama, abiria anatembea na mifuko yake mpaka barabarani kwenye jua ndio nimchukue

MayaiJumla: Mmetaja supamaketi zilizohama mkanikumbusha machozi. Kuna moja, sitaji, nilikuwa naipelekea mayai kila wiki, wanasema leta ankara, nalipwa mwisho wa mwezi, mara mwezi ujao, mara meneja kasafiri. Siku nimeenda nimekuta mlango una mnyororo. Trei zangu nikaziona kwa kioo ziko ndani. TREI ZANGU. Mayai wale, basi, trei si wangenirudishia?

Mtoto_wa_Arua: Pole sana. Waliodai wengi, wa maziwa, wa mikate, wa unga, wengi walibaki na karatasi tu.

MayaiJumla: Karatasi haitagi mayai ndugu yangu

Muko_wa_Masaka: Poleni, ila turudi kwenye mada, huyu wa koti la bluu tumfanyeje? Tumwandikie barua?

MamaPacha: MayaiJumla trei ya sasa unauzaje? Unaleta mpaka Ntinda?

MayaiJumla: Naleta dada, tano kwenda juu, boda juu yako

BodaKisaasi: Mimi hapa 🙋🏾 mayai nabeba na hayapasuki, isipokuwa ile barabara ya pale kwenye shimo

Ploti_Nafuu_UG: Wapendwa kuna ploti Matugga, 50 kwa 100, umeme umepita, maji yako karibu. Wahi mapema.

Kijana_Kyaliwajjala: Ina hati au ni kibanja tu, ya kukalia bila hati?

Ploti_Nafuu_UG: Hati inashughulikiwa

Mtoto_wa_Arua: Inashughulikiwa tangu enzi za nani?

MamaPacha: Na maji yako karibu na nini

Ploti_Nafuu_UG: Njoo inbox