Naomba ushauri: bei ya vifungashio vyenye chapa inapandishwa na nini hasa?

Habari zenu wakuu. Nipo Kigoma, nanunua dagaa wakavu mwalo wa Kibirizi, nachambua, nafungasha gramu 250 na 500. Hadi sasa natumia mifuko ya kawaida na stika. Maduka ya Dar yanataka mfuko uliochapwa, unaosimama, wenye zipu.

Nimeulizia, bei zinapishana mno. Ninavyoelewa, kwenye uchapaji wa rola kila rangi inachongewa rola yake, na gharama hiyo haibadiliki, uchape mifuko 500 au 20,000. Ndiyo maana oda ndogo inaumiza. Muundo wangu una rangi sita. Nikibaki na mbili nitaokoa pesa ya maana, au kwa mtaji mdogo niende tu kwenye uchapaji wa kidijitali usiohitaji rola?

Kinachonisumbua zaidi ni malighafi ya mfuko wenyewe. Dagaa wana mafuta. Wakipigwa na hewa na mwanga wanageuka njano na kuanza kunuka, na mteja akikutana na harufu ile harudi. Plastiki ya tabaka moja haitoshi. Yenye tabaka la foili inalinda vizuri ila ni ghali, tena wanunuzi wetu wanapenda kuwaona dagaa kwanza. Waliowahi kuweka kidirisha kidogo chini ya mfuko, bidhaa ilidumu?

Pia, rola zikishachongwa kwa pesa yangu, zinakuwa mali yangu au ya mchapaji? Naombeni uzoefu wenu, nataka kuagiza kabla ya mwisho wa mwezi.