Maneno ya kikundi yamemchukua mdogo wangu: nimjibu vipi?

Dada wa Lanet, Nakuru
Hamjambo ndugu zangu. Mdogo wangu wa kiume alijiunga na kikundi cha maombi mwaka jana, na kilichonitia hofu kwanza ni usemi wake. Jumapili iliyopita mama alimwekea ugali, akamwuliza kwa upole kwa nini ameuza pikipiki iliyokuwa ikimpa riziki. Akasukuma sahani kando na kujibu, "Mama, hilo ni swali la mwili." Nilipomwuliza atalipaje kodi ya nyumba, nikapata jibu lilo hilo, kwa sauti ile ile. Sisi tuliomlea sasa tunaitwa "watu wa nje". Je, maneno yanaweza kumfunga mtu mzima namna hii?

Mwalimu mstaafu, Kisumu
Pole sana, binti yangu. Yanaweza. Daktari wa akili Mmarekani, Robert Jay Lifton, aliyewahoji watu waliopitishwa katika mafunzo ya kubadilishwa fikra nchini China, aliandika mwaka 1961 kuhusu semi fupi zinazokatiza wazo kabla halijakomaa. "Swali la mwili" ni usemi wa aina hiyo: haujibu chochote, bali humwonyesha muulizaji kwamba kuuliza ndiko kosa, na baada ya muda mtu hujinyamazisha hata akiwa peke yake.

Hatari zaidi ni neno la zamani kupewa maana mpya. Sote tunajua kufunga: mtu hujinyima chakula kwa muda, kisha hufungua. Katika msitu wa Shakahola, Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia mwaka 2023, na wachunguzi walisema waumini waliambiwa wajinyime chakula ili wakutane na Yesu. Neno lilibaki lile lile la kanisani, kwa hiyo jamaa akilisikia kwenye simu hana sababu ya kushtuka. Kilichoondolewa ni kufungua. Kule Marekani, watu 39 wa kikundi cha kidini cha Heaven's Gate walijiua Machi 1997 baada ya kuzoea kuuita mwili chombo cha kusafiria, na chombo mtu hushuka tu.

Mama wa Kakamega
Dada, mimi nilikuwa ndani ya kikundi kama hicho miaka mitatu. Niliingia nikiwa nimefiwa na mume, na kila neno lao nililolitumia sawasawa nilipigiwa makofi kama mtoto anayejifunza kutembea. Usiyadhihaki maneno yake, kwa maana dhihaka za jamaa zangu ndizo zilizonisukuma ndani zaidi. Dada yangu alinipigia simu kila Ijumaa akiuliza kama mahindi yamechipua. Siku moja akaniomba, "Nieleze mlichohubiriwa leo kama unayemweleza nyanya, bila neno lenu hata moja." Nilianza sentensi mara tatu, nikashindwa, nikakata simu. Sikulala usiku ule.

Msomaji, Bungoma
Naongeza moja tu: ukisikia wamekatazwa chakula au dawa, hasa kama kuna watoto, usingoje mazungumzo. Nenda kwa chifu au kituo cha polisi siku hiyo hiyo.

Dada wa Lanet, Nakuru
Asanteni sana. Nimempigia leo jioni bila kugusa mahubiri, nikamwuliza kama anakumbuka namna ya kutengeneza bomba la jikoni kwa mama, linalovuja tangu Krismasi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni mpira wa ndani umeisha. Nitakuja Jumamosi niubadilishe."