Mwenye bikoni ya 145.960 hapa Dar, zima mtambo wako!

Wakuu, uzi huu una mwenyewe na anajijua. Kuna bikoni (mtambo unaorusha ishara wenyewe bila mtu kuongea) inarushwa hapa mjini kwenye 145.960 MHz, usiku na mchana, kwa FM, inapiga Morse isiyo na kolisaini, yaani jina la utambulisho la kituo. Kila RS-44, setilaiti ya redio za ridhaa, inapochomoza, takataka hiyo inapanda kwenye transponda (mtambo wake unaopokea na kurusha tena) na kushuka 435.645, katikati kabisa ya watu wanaoongea kwa SSB, sauti ya masafa membamba. Na si Dar tu inayosumbuka. Setilaiti hiyo iko kilomita 1,200 hadi 1,500 juu, kwa hiyo inachokibeba kinafika Johannesburg na Khartoum bila jasho.

Najua utetezi utakuwa "ni redio koli ya wati 5 tu". Wati 5 zinatosha na kubaki! Transponda ya RS-44 ina upana wa kilohezi 60: inapokea 145.935 hadi 145.995 na kurusha 435.610 hadi 435.670, kwa kugeuza: kinachoingia chini kinatokea juu. FM ya redio koli inakula kilohezi kama 16, yaani zaidi ya robo ya nafasi yote. Halafu nguvu ya transponda ni moja, wote tunagawana. Ukipiga Morse kwa mlio juu ya FM, wimbi lako linabaki hewani hata kati ya nukta na mstari, kwa hiyo unaitafuna nguvu hiyo bila kupumzika huku mwenye SSB akiitumia pale tu anapotamka neno.

Kuna wanaobisha kwamba eti ni hamoniki (ishara ya ziada kwenye masafa yaliyozidishwa mara mbili, tatu...) ya redio ya jirani. Hoja yenyewe si ya kijinga: mtu akiongea 145.2125, hamoniki yake ya tatu inaangukia 435.6375, ndani kabisa ya mshuko wa RS-44. Lakini kutofautisha ni kazi ya mpito mmoja wa setilaiti. Weka RTL-SDR (kipokezi cha kuchomeka kwenye kompyuta) na yagi, antena ya kuelekeza, ya 70 cm, fungua picha ya mteremko wa mawimbi (waterfall), kisha ZIMA kwenye programu marekebisho ya Doppler, yaani kusogea kwa masafa kwa sababu ya mwendo wa setilaiti. Hapo ndipo wengi wanapopotea: programu ikiendelea kurekebisha, hata mstari uliotoka kwa jirani utauona umepinda.

Tazama bikoni ya setilaiti yenyewe, 435.605. Mpito ukiwa mzuri, inaanza karibu kilohezi 8 juu na kumaliza karibu 8 chini. Hamoniki ya jirani haisogei, inabaki mstari ulionyooka. Kitu kilichorushwa kutoka mji uleule ulipo wewe na kupitia transponda kinasogea kama theluthi mbili za bikoni hiyo, yaani 5 na kitu kila upande, kwa sababu transponda inageuza na Doppler ya kupanda inapunguza ile ya kushuka. Huyu wetu anasogea theluthi mbili barabara, tena anavuka sifuri dakika ileile setilaiti inapokuwa karibu zaidi na Dar. Angekuwa Nairobi au Lusaka, visingelingana hivyo. Soma masafa yake dakika hiyo, toa kwenye 581.605 (jumla ya masafa ya kupanda na ya kushuka, yaani 145.935 na 435.670), unapata alikorushia: 581.605 kutoa 435.645 ni 145.960. Tofauti ya kilohezi moja au mbili isikusumbue, sahihisha kwa kuangalia bikoni ya 435.605 imekaa wapi muda huo.

Jingine: setilaiti ikipita utosini, ishara yake inanywea, ikishuka kuelekea upeo inapata nguvu. Hiyo ni antena ya wima juu ya paa, haina nguvu ya kwenda juu moja kwa moja.

Tumtafute. Setilaiti ikishazama, sikiliza 145.960 moja kwa moja ukiwa na yagi ya vipande 3, imesimama wima. Posta na Kariakoo msijisumbue, maghorofa yanarudisha mawimbi kila upande na dira itawadanganya. Kigamboni na Coco Beach ni pazuri kwa sababu ya uwazi, kisha mtu wa tatu awe Mbezi au Kimara ili mistari ikatane. Ukikaribia, redio itajaa na kila upande utaonekana una nguvu sawa. Hapo hamia hamoniki yake ya tatu, 437.880, ambayo ni dhaifu, na uelekeo utarudi.

Na wewe mwenye mtambo: mpango wa masafa wa IARU, umoja wa kimataifa wa redio za ridhaa, kwa kanda yetu umetenga 145.806 hadi 146.000 kwa setilaiti. Bikoni za nchi kavu ni 144.400 hadi 144.490. Lakini usihamishe hiyo redio koli hivyohivyo! Kule ni mawimbi membamba, FM haina nafasi, na masafa yanapangwa kwanza. Tengeneza CW halisi (Morse ya kuwasha na kuzima wimbi lenyewe): Si5351, chipu ya kuzalisha masafa, yenye TCXO, kioo kisichoyumba kwa joto, inafika 144 vizuri, ila inatoa wimbi la mraba, kwa hiyo bila filta ya kukata hamoniki utakuwa umehamisha ugomvi tu. Weka kolisaini. Redio koli haikuundwa kurusha saa 24, inachemka na masafa yanatambaa, ndiyo maana kuna nyakati tunakuta imesogea.

Mwenye vipimo aweke hapa: mahali, saa, digrii za dira na masafa. Jina la mtu au namba ya nyumba msiandike.