Kuwinda mbuzi mwitu kwenye misitu ya serikali, New South Wales, Australia: naanzia wapi?

Mpangaji_Tamworth
Wakuu, salaam. Nipo Tamworth, nafanya kazi machinjioni. Wenzangu pale wikendi wanaingia msituni na kurudi na mbuzi mzima, hawajalipa mtu, na wanasema ni halali kabisa. Kwetu ukikutwa na nyama ya porini unalala ndani, kwa hiyo roho yangu bado inasita. Leseni zinahitajika ngapi? Bunduki sina. Na mimi ni Mwislamu: mbuzi wa risasi au mshale analika? Nguruwe sina haja nao.

Baba Zuhura
Karibu, ndugu. Watu wengi wanachanganya mambo matatu. Leseni ya bunduki inatoka polisi: uwe na sababu inayokubalika, na ungoje si chini ya siku 28. Tangu mtu mwenye bunduki alipoua watu wengi Port Arthur, Tasmania, mwaka 1996 nchi hii haina mzaha na silaha. Leseni R ni ya jimbo, ndiyo inayokuruhusu kuwinda kwenye misitu ya umma; unaipata ukiwa mwanachama wa chama cha wawindaji kinachotambuliwa na umepita kozi. Halafu kuna kibali cha maandishi, unakiomba mtandaoni kila unapotaka kwenda, kwa msitu fulani na tarehe fulani. Ukiingia bila hicho, hizo leseni mbili hazikusaidii kitu.

Kwa kuwa huna bunduki, anza na upinde. Polisi hawadai leseni ya upinde wa kawaida, ila leseni R yako iwe na kipengele cha upinde. Ule wa mtambo wenye kifyatulio usiuguse, hapa umepigwa marufuku.

Mimi huenda Pilliga, msitu mkubwa wa huku kaskazini mwa jimbo. Kinachowaponza watu kule ni mpaka. Barabara hiyohiyo ya mchanga, misonobari ileile, lakini upande mmoja ni msitu wa serikali wenye ruhusa na ng'ambo ni hifadhi ambayo huruhusiwi kumgusa hata sungura. Uzio huoni. Pakia ramani ya kibali kwenye GPS kabla hujatoka nyumbani, maana mtandao wa simu kule ni wa kubahatisha. Vaa kizibao au kofia ya chungwa linalong'aa hata kama unawinda peke yako. Usiku hakuna kuwinda, kurunzi hakuna, na kufyatua ukiwa ndani ya gari pia hakuna.

Ukifika, waache mabeberu. Beberu mzee unamnusa kabla hujamwona, na harufu hiyo iko kwenye manyoya. Mkono ulioshika ngozi usishike nyama, la sivyo sufuria nzima itanuka. Tafuta jike changa. Mpasue tumbo hapohapo, funika nyama na mfuko wa kitambaa usiopitisha nzi, iingie kwenye barafu haraka. Wakati wa joto mimi siendi kabisa. Nyama inaharibika kabla hujafika kwenye gari. Vaa glavu pia, mbuzi wana homa ya Q, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo kwenda kwa watu, na wewe wa machinjioni bila shaka umeshachanjwa. Na nyama hiyo ni ya kula nyumbani, usimuuzie mtu.

Mwanatanga
Kuhusu kula: mnyama wa kufugwa akishageuka mwitu na hashikiki, wanazuoni wengi, Shafi wakiwemo, wanampa hukumu ya windo. Imamu Malik hakukubali, kwake lazima achinjwe. Sema Bismillah unapoachia mshale, na mshale umchome, usimpige kwa ubavu wake. Ukimkuta bado hai, mchinje.

Nyuki Mkali
Sawa, kuleni mbuzi, ila msijipambe, kama wawindaji wengi wanavyodai, kwamba mnaokoa mazingira. Mbuzi na nguruwe waliletwa na meli za kwanza za Waingereza mwaka 1788 na mpaka leo wapo tele. Nguruwe jike anaweza kuzaa mara mbili ndani ya mwaka na kitu. Idadi haipungui mpaka waondolewe wengi mno kila mwaka. Wanaowapunguza kweli ni wenye helikopta, mitego na sumu.

Baba Zuhura
Hapo sikupingi, Nyuki. Mimi naenda kwa ajili ya nyama.

Mpangaji_Tamworth
Mungu awalipe. Homa ya Q nimechanjwa, hawakuniajiri bila hiyo. Swali moja: nina mbwa, anaweza kunifuata?

Baba Zuhura
Mbwa ana kipengele chake kwenye leseni. Lakini umesikia Nyuki akitaja sumu: ni 1080, inatiwa kwenye nyama kwa ajili ya mbweha na mbwa mwitu. Ukikuta kibao cha onyo langoni mwa msitu, geuza gari. Mbwa akiila hana dawa, na hata mzoga wa mbweha aliyekufa kwayo unaweza kumuua. Wangu hubaki nyumbani.