Malezi, mazingira na msimamo wa siasa: nipimeje Mufindi na Mbeya mjini?

Igawilo
Wakuu, salamu. Naandaa utafiti mdogo wa shahada kuhusu jinsi malezi na mazingira yanavyojenga msimamo wa mtu kisiasa. Nahoji watu 120: 60 vijiji vya chai Mufindi, 60 Mwanjelwa na Soweto, Mbeya mjini. Dodoso lina umri, kabila, dini, elimu, kipato, na swali "unaunga mkono chama gani?" Lina upungufu gani?

Mdandu
Kabila na dini viwepo, ila visitangulie. Nyanda za juu kusini anza na riziki: mtu anauza nini, na inapitia mikononi mwa nani. Jani bichi la chai halilali, likichumwa linatakiwa kiwandani siku hiyohiyo. Kwa hiyo mkulima wa Mufindi kafungwa na kiwanda cha jirani na barabara ya kijiji. Masika barabara ikikatika, jani linaozea kituoni, na wa kumlilia ni diwani na halmashauri. Muuza mitumba wa Mwanjelwa ana wanunuzi mia kwa siku, na serikali anakutana nayo kwenye ushuru na siku ya kupangwa upya kwa meza. Dhana yangu, ambayo unaweza kuipima: wa kwanza hujifunza kuomba, wa pili hujifunza kubishana.

Badala ya "kipato chako ni kiasi gani" (watakudanganya wote, kwa sababu wanadhani ni TRA, watu wa kodi), uliza: unauza nini? Wanunuzi ni wangapi? Bei anapanga nani? Mara ya mwisho ulipokwama ulimwendea nani: mwenyekiti wa kitongoji, diwani, mchungaji au ndugu wa mjini?

Halafu umri. Usiuandike kwa makundi ya 18–35, 36–50, hayo ni ya fomu za mikopo. Chukua mwaka wa kuzaliwa, ongeza 18. Wa 1955 alifikisha 18 mwaka 1973, watu wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Wa 1974 alifikisha mwaka 1992, vyama vingi viliporuhusiwa. Wa 1992 kura yake ya kwanza ilikuwa 2010, mwaka ambao CHADEMA, chama cha upinzani, ilichukua Mbeya Mjini na Iringa Mjini. Hao watatu wanaweza kukaa nyumba moja wakala ugali mmoja, na kila mmoja ana siasa yake kichwani.

Kihesa
Naongeza neno lenyewe. Azimio la Iringa la 1972 lilisema "Siasa ni Kilimo", na wazee wanalikumbuka. Kijana wa Soweto ukimtajia siasa anaelewa maneno matupu: "acha siasa zako". Ukiuliza "unapenda siasa?" umewauliza maswali mawili tofauti. Vilevile "chama": kwa mzee wa enzi ya chama kimoja, chama bila jina ni CCM. Uliza mambo: bei ya mbolea, nani amiliki ardhi, mwenyekiti apatikane vipi.

Kumbukumbu ya familia nayo usiiruke. Tazama Ismani, Iringa: Krismasi ya 1971 Mkuu wa Mkoa, Dk. Klerruu, aliuawa na mkulima Saidi Mwamwindi, kiini kikiwa mgogoro wa ardhi na vijiji vya ujamaa. Palikuwa na wenye mashamba makubwa ya mahindi, na palikuwa na vibarua. Wajukuu wa pande hizo mbili wanaweza kuwa na kabila moja na kanisa moja, lakini "serikali" hawaisikii kwa sikio moja. Swali lake ni fupi: kabla ya vijiji, shamba la babu lilikuwa wapi, na liliishia kwa nani?

Kosa kubwa zaidi liko kwenye mpango wako. Ukikuta Mwanjelwa wanabishana zaidi, utajuaje kama mji ndio uliowafundisha, au wabishi ndio waliokimbia kijiji? Tafuta ndugu wa tumbo moja, mmoja kabaki Mufindi na mwenzake kahamia Mbeya. Jozi 20 ni watu 40 kati ya 120 wako. Wamelelewa nyumba moja, kwa hiyo tofauti yao inakuonyesha mazingira zaidi kuliko malezi. Wengi hupatikana kwa simu ya yule wa kijijini.

Na uliza ni watu gani watatu anaozungumza nao mambo ya nchi. Mtafiti Newcomb aliwafuatilia wasichana wa chuo cha Bennington, Marekani, miaka ya 1930, wengi wakitoka familia za kihafidhina. Uchaguzi wa 1936, wa mwaka wa kwanza 62% walikuwa upande wa Landon, mgombea wa Republican, chama cha kihafidhina. Wa miaka miwili ya mwisho 15% tu. Aliporudi kwao miaka kama 25 baadaye, wengi hawakuwa wamerudi walikotoka, hasa walioolewa na kuzungukwa na wenye mawazo yaleyale.

Luhota
Mimi nipo kwenye vumbi, yaani kazi yenyewe ya kwenda kuhoji. Mufindi ni Mkoa wa Iringa, kwa hiyo barua ya chuo iende kwa Makatibu Tawala wa mikoa miwili, ishuke kwa mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, kisha kijiji au mtaa. Nenda Julai: chai inapungua. Mwaka wa uchaguzi mkuu, kuanzia Agosti, usiguse.

Mwenyekiti atataka kukusindikiza. Mshukuru, abaki ofisini. Akisimama mlangoni, kila jibu litakuwa "tunashukuru". Usivae shati la kijani (la CCM) wala kombati ya kaki (ya CHADEMA), na karatasi ziwe nyeusi na nyeupe tu.

Swali la chama usiliulize kwa mdomo. Liwe karatasi anayotia tiki mwenyewe, anaiweka kwenye bahasha na kuitumbukiza kwenye mfuko wenye bahasha nyingine. Humo usiweke namba wala kitongoji. Umri uwe "nilifikisha 18 kabla ya 1992, kati ya 1992 na 2009, au baadaye".

Igawilo
Asanteni sana wakuu. Na ile mbinu ya orodha, kundi moja linapewa kauli nne na jingine hizohizo pamoja na ya tano iliyo nyeti, kila mtu anataja idadi tu ya anazokubali?

Kihesa
Ni nzuri, ila si kwa watu 120. Ukigawa 60 kwa 60, kosa la makadirio linafika alama za asilimia kama 35 juu na chini. Hata kwa swali la kawaida, tofauti ya Mufindi na Mbeya ikiwa chini ya alama 18, usiitangaze.